Mkono wa Anastasie

Kule Djugu, Mzee Théodore hakumchongea mwanamke jiwe la kusagia bila kumpima. Mwanamke alilaza mkono juu ya jiwe jeusi. Kiwiko kilipoanza na kidole cha kati kilipoishia, huo ndio ukawa urefu wake. Jiwe likawa la yule mmoja tu. Akifa, liligeuzwa kifudifudi juu ya kaburi lake, asije mwingine akalisagia.

Siku hizi mahindi yanapelekwa kwenye mashine. Mashine haijui mkono wa mtu.

Mkewe Anastasie alifia mjini Bunia, hapa mtaa wa Rwambuzi, mwezi wa pili. Jiwe lake lilibaki kijijini siku walipokimbia vita. Labda sasa linazuia mlango wa banda la kuku. Théodore akaokota jingine mtoni Shari, akaketi nalo uani, nyundo na tindo mkononi, na hapo akakwama. Wake za watu aliwapima wote. Mkewe mwenyewe alimchongea kwa kukadiria, akijigamba: "Weye nakujua bila kupima." Miaka arobaini na mitatu mkono ule ulimwekea chakula mbele, na sasa urefu wake haukumbuki.

Siku ya nne binti yake Honorine alitoka jikoni.

"Papa, unaangalia hiyo jiwe sawa vile unataka kuioa."

"Nyamaza. Nilisahau mukono ya mama yako."

Honorine akaacha kucheka. "Nguo zake zote ni miye navaa. Mukono inanifikia sawasawa. Pima yangu."

"Jiwe ya mufu, mutu muzima hapimiwe. Unatafuta kufa?"

"Basi mama alale bila jiwe?"

Hakungoja jibu. Alipiga magoti, akalaza mkono juu ya jiwe. Théodore alikawia, kisha akachora kwa mkaa, kiwiko na kidole, haraka kama mwizi.

Alichonga wiki mbili. Kazi aliyoimaliza zamani kwa siku tano. Wakalipeleka makaburini, wakaligeuza. Lilikuwa jiwe zuri, jeusi, lisilo na bonde hata dogo katikati. Halikuwahi kusaga punje moja. Wapita njia walidhani ni la kukalia.

"Na yangu, papa?" Honorine aliuliza walipokuwa wakirudi. "Nani atanichongea?"

"Ambia mashine ikuchongee."

Lakini njia nzima Théodore hakuuachia mkono wa bintiye, na vidole vyake vilikuwa vikipanda na kushuka, kutoka kiwiko hadi ncha ya kidole, vikipima.