Injini Iliyokohoa Juu ya Kishapu

Agapiti wa Ngokolo alikuwa fundi wa karasha, zile mashine za kusaga mawe ya dhahabu kule Geita, na kwa miaka kumi na tisa hakuna injini iliyowahi kumshinda. Ndipo shetani akamwonyesha video za watu wanaojiundia ndege. Akaunda yake kwa mabomba ya alumini, turubai na injini ya gari lililopinduka.

Ardhini injini iliimba. Ila kila ikikaribia dakika ya kumi, ilikohoa ikazima. Shemeji yake, Boaz, hufungua kifuniko cha tangi, huchungulia mafuta, hufunga. Wakiwasha, inaimba tena. Walibadilisha plagi, wakasafisha kabureta, wakailaumu petroli. Suzana, mkewe, alimlaumu mume.

Jumanne asubuhi, kwenye mbuga kavu ya Kishapu, wote watatu walikubaliana ndege ikimbie chini tu. Ndege haikushirikishwa kwenye kikao. Upepo ukainyanyua, na Agapiti akajikuta juu ya mashamba ya pamba, ng'ombe wadogo kama maharage, na mkojo, tusifichane, umeshatangulia kutoka. Alizunguka na kuzunguka akitafuta ujasiri wa kushuka. Injini ikakohoa.

“Mama yangu,” alisema, “nakufa ndani ya kitu nilichokichomelea mwenyewe.”

Hofu ikamfungua akili. Kwenye karasha, kwa sababu ya vumbi la mawe, kila fundi huziba kwa kitambaa kile kitundu cha hewa cha kifuniko cha tangi. Mkono wake ulikuwa umekiziba na hiki cha ndege, kwa mazoea. Tangi halikuwa likipumua, na petroli ilikuwa ikigoma kushuka! Kila Boaz alipochungulia, alilipa pumzi bila kujua. Na huku juu hakukuwa na Boaz.

Tangi lilikuwa mbele ya kioo. Alifungua mkanda, akabana usukani kwa magoti, akajinyoosha nje. Kifuniko kilizunguka, kikamponyoka, kikaenda zake. Tangi likavuta hewa kwa mluzi. Injini ikakohoa mara mbili, ikashika. Petroli ikamrukia usoni, na sasa akaogopa moto.

Alitua kwa kuruka mara tatu kama chura. Boaz akafika mbio.

“Shemeji, zima, petroli inamwagika.”

“Zima wewe. Mkono haunitii.”

Suzana alimsogeza Boaz, kaka yake, akaingiza mkono, akazungusha ufunguo. Kukawa kimya, ndipo wote wakasikia meno ya Agapiti yakigongana.