Kesho ya Bibi

Bibi hakuwahi kumshonea mtoto nguo ya kumtosha siku hiyo tu. Alishona sare za shule kwenye baraza la duka la vitambaa, na kila gauni lilitoka mikononi mwake na pindo pana, kiganja kizima cha kitambaa kimekunjwa ndani. Pindo hilo aliliita kesho.

"Huyu nimemwachia kesho ndefu," alikuwa akimwambia mzazi. "Miguu yake ina haraka."

Mtoto akirefuka, mzazi alirudi, Bibi akafumua kesho na kuipiga pasi. Mwenye duka hakupenda.

"Mama, ukiwashonea hivi, nani atanunua kitambaa kingine?"

"Atakayezaa mwingine," Bibi alijibu bila kuinua macho.

Kwa cherehani ile alilea watoto watatu, baada ya babu kuondoka bila kuaga. Wenzake wa barazani walipomtania kwamba aolewe tena, alikipigapiga kichwa cha cherehani. "Na huyu si mume? Ananguruma kutwa, lakini usiku yupo."

Mama yangu, kifungua mimba wake, alifariki kabla sijaanza shule, na Bibi akanichukua. Nilijifunza kusoma chini ya meza yake, kwenye vipande vya nguo, nikiona miguu yake tu ikikanyaga. Kila aliponishonea gauni alinifunga zipu mgongoni, akanishika mabega. "Geuka nikuone."

Kisha tukaondoka wote. Mjomba alipata kazi mbali, mama mdogo akaolewa mji mwingine, mimi nikaenda chuo kikuu. Bibi aliacha baraza, akahamishia cherehani chumbani kwake. Nilipompigia simu, hatukuwa na mengi ya kusema. Hata mimi si msemaji. Aliiweka simu mezani akaendelea kushona. "Usikate," alisema. "Soma kitabu chako." Nami nilisoma, huku cherehani ikinguruma sikioni.

Mara ya mwisho aliniambia ananishonea gauni la kuvaa ndani ya joho siku ya mahafali. "Usije ukavaa vya dukani, ukaniaibisha."

Alifariki kabla ya siku hiyo. Mahafali ni Jumamosi hii, na leo mimi na mama mdogo tumekuja kuhamisha vitu vya chumbani kwake. Gauni tulilikuta nyuma ya mlango, la bluu, limeshapigwa pasi. Mama mdogo alilipima kifuani kwangu. Liliishia katikati ya mapaja.

Alicheka kidogo. "Amekushonea kana kwamba bado uko darasa la saba. Macho yalishamchoka, na akili nayo ilishaanza kumchezea. Usijali mwanangu, tutapitia dukani ununue lingine."

"Nitavaa hili, mama mdogo."

"Utavaa vipi? Kama blauzi?"

Akatoka kwenda kutafuta gari la kubebea kitanda.

Nilikaa kwenye kiti cha Bibi na gauni mapajani. Pindo lilikuwa zito. Nikachukua wembe wake kwenye kikopo cha vifungo, nikafumua taratibu, uzi baada ya uzi. Kesho ikateremka. Ilikuwa na mikunjo miwili, mmoja ndani ya mwingine, upana ambao sikuwahi kuuona akimwachia mtoto yeyote. Nikageuza ubavuni: huko nako alikuwa ameacha kesho, nikaifumua. Labda kweli alinichanganya na yule wa darasa la saba. Labda alijua tangu mwanzo. Hakuna wa kumuuliza.

Nilijaribu cherehani. Kukanyaga nilijua, lakini mstari wangu ulikwenda upande kama mlevi. Nilipomaliza, nililipiga pasi, nikalivaa. Lilishuka hadi chini ya magoti, na ile mistari ya mikunjo ya zamani ilionekana kwenye kitambaa, hata pasi haikuifuta.

Ikabaki zipu. Nilipeleka mkono nyuma kwa juu, kisha kwa chini. Vidole viliigusa, havikuivuta. Nilijiegemeza ukutani, nikajikunja, nikajaribu tena. Gauni lote lilinitosha, isipokuwa pale mgongoni, ambapo siku zote palikuwa na mikono yake.

Nimerudi kwenye kiti chake. Nimekaa na mgongo wazi, namsubiri mama mdogo arudi.