Kompyuta ya Tantine Aline kwenye Depo ya Mazutu

Wenzangu tuliokulia Goma wakati simu ilikuwa bado kitu cha matajiri, kila nyumba ilikuwa na harufu yake. Kwa jirani ilikuwa sambaza, vile visamaki vya ziwani, za kukaanga, kwa wengine maziwa ya Masisi. Kwetu ilikuwa mazutu, yaani dizeli. Papa alikuwa mkuu wa depo ya mafuta iliyoteremka kutoka barabarani hadi karibu na ziwa, na hata mama afue mashati yake namna gani, harufu haikutoka. Shuleni waliniita Binti Mazutu, nami nikajivuna kama mtoto wa gavana.

Tulicheza nzango, ule mchezo wa kuruka na kupiga makofi, kwenye ua wa mawe meusi, viatu tumevivua ili visiishe. Tukichoka tulienda kuchungulia dirisha la ofisi ya depo, alipokaa Tantine Aline, dada mdogo wa papa. Alikuwa amesomea mambo ya kompyuta Kampala, akarudi na sketi ambazo bibi aliziona fupi mno.

Kabla yake, papa alipanda juu ya tangi, akateremsha utepe wa chuma mpaka chini, akasoma mafuta yameulowesha mpaka wapi. Kisha alishuka na kuinamia jedwali kubwa la karatasi kutafuta urefu ule ni litre ngapi. Akikosea mstari, anaanza upya. Tantine aliyaingiza majedwali yote ndani ya programu aliyoiandika mwenyewe. Kioo cheusi, herufi za kijani, hakuna picha hata moja. Aliandika urefu, akaandika na joto, maana mafuta yakipata jua huvimba. Mashini ikawaza kidogo, halafu ikatoa litre zilizomo na nafasi iliyobaki. Vijana wa leo, ambao simu ikichelewa kidogo wanaona wameonewa, wangezimia. Sisi tulingoja ile mashini iwake kama mutu anavyongoja maharagwe yaive.

Papa hakuipenda mwanzoni. "Aline, ile mashini haijapanda kwenye tangi hata siku moja."

"Njo maana ninakutuma wewe, yaya," alijibu. Yaya kwetu ni kaka mkubwa, na ni kwa heshima ya neno hilo tu papa alimsamehe.

Ilikuwa miaka ya uasi. Mafuta yalikuja kwa malori kupitia mpaka wa Bunagana, na njia ikifungwa matangi yalikauka. Siku moja afande aliingia ofisini akapiga meza. "Mademoiselle, ambia mashini yako itoe mazutu!"

Tantine alimgeuzia kioo. "Iulize wewe mwenyewe, afande."

Alizitazama zile herufi za kijani. "Inasema nini?"

"Inasema pole."

Papa alikuwa mlangoni, jasho linamtiririka. Lakini afande alicheka, akaenda zake. Nyumbani jioni ile mama alimwambia Tantine kwamba siku moja ulimi wake utatuzika wote.

Kisha ikaja siku ya volkano. Moto uliteremka mlimani ukaingia mjini mchana, polepole, unameza nyumba moja baada ya nyingine. Watu walibeba magodoro kichwani kuelekea Gisenyi, ng'ambo ya mpaka. Mama alitufungia mabunda, akatupitisha depo kumchukua papa.

Tulimkuta juu ya tangi la chini, lile la karibu na ziwa. Tangi la juu, kando ya barabara, lilikuwa na esansi, yaani petroli, na moto ulikuwa unalielekea. Papa alikuwa amefungua bomba ili esansi iteremke yenyewe kwenye tangi la chini, nalo la esansi. Hofu ilikuwa nafasi. Tangi la chini likifurika, esansi ingetiririka ardhini kati ya watu waliokuwa wanakimbia.

"Papa Neema, twende!" mama alipaza sauti, akimwita kwa jina langu.

"Mutangulie na batoto!"

"Bila wewe siendi!" Akatua bunda lake chini, akalikalia pale getini. Nasi tukakaa.

Umeme ulikuwa umekatika, lakini jenereta ilinguruma nyuma ya ofisi. Papa alipiga kelele kutaja kipimo, Tantine akaandika, akamjibu dirishani. Anga lilikuwa jekundu, macho yanawasha.

"Aline, nafasi itatosha?"

"Itatosha, yaya! Acha ije!"

Wakarudia hivyo, kipimo na jibu, mpaka sauti ya papa ikakauka. Mwisho Tantine alitoka nje mbio akipunga mikono. "Funga! Funga sasa! Limejaa!" Papa alishuka, akafunga bomba kwa uzito wake wote. Tantine akarudi ndani, akachomoa disketi ya programu, akaiingiza kwenye blauzi. Kompyuta yenyewe aliiacha inawaka. Alilia njia nzima mpaka Gisenyi, na mama akamshika mkono kama mtoto.

Moto ulifunika tangi la juu na ofisi. Tangi lililipuka kwa kishindo, maana mvuke ulibaki ndani, lakini halikuwa na esansi ya kuendelea kuwaka. La chini lilisimama. Tuliporudi, mawe bado yana joto chini ya ndala, esansi ile ndiyo iliyoendesha magari yaliyoleta maji na kubeba wagonjwa.

Disketi ilisomeka kwenye mashini ya kuazima. Programu ya Tantine ilifanya kazi miaka mingine, mpaka ikaja nyingine kutoka ng'ambo, ya rangi na vitufe. Tantine aliwafundisha watu kuitumia bila kununa. Siku hizi kipimo kiko ndani ya tangi lenyewe, na mpwa wangu, anayesimamia depo sasa, anasoma yote kwenye simu akiwa amelala kitandani. Mtandao ukikatika, analalamika mpaka chakula kinapoa.

Simlaumu. Kazi imekuwa nyepesi, na hakuna anayehatarisha shingo yake kwenye ngazi. Lakini zamani, kutoka juu ya tangi, ua wetu ulionekana. Kila asubuhi papa akimaliza kupima alisimama pale, akatupungia mkono. Mama aliacha vyombo, naye akampungia. Tulikunywa chai yetu tukijua papa yuko salama.