Robi Alimwosha Mkwe Akiwa Amefumba Macho

Usiku ule simu yangu ilikuwa na chaji mpaka juu, jambo ambalo halijatokea tangu niinunue. Niliiweka kifuani nikalala chali, kama maiti inayosubiri ndugu wa mbali. Mume wangu Nchagwa alikoroma pembeni. Huyo hata dunia ikiisha ataomba aambiwe asubuhi.

Saa mbili usiku binti yangu Robi alikuwa amepiga kutoka Sirari. Hakusalimia. Alisema, "Mama, mimi siwezi tena," simu ikakata. Nilimpigia mara kumi na saba. Yule dada wa kwenye simu akanijibu kwa adabu ileile mara zote kwamba hapatikani. Nilimtukana, naye akaniomba nijaribu tena baadaye.

Robi ndiye mtoto wangu wa kwanza, na alizaliwa na mdomo. Alitolewa kwaya kwa sababu mchungaji alijikwaa kwenye waya wa spika na yeye akacheka mpaka wimbo ukaharibika. Mimi niliishia la nne, yeye akamaliza la saba, na tangu siku hiyo ananisahihisha. Aliolewa na Heche, utingo wa malori ya Kenya, kijana mzuri ambaye kosa lake ni moja tu, hayupo nyumbani.

Aliyepo ni baba yake, mzee Nyangwine, aliyefiwa na mke. Kiharusi kilimchukua mkono na mguu wa kulia. Bintiye Boke ameolewa Isebania, hapo ng'ambo tu upande wa Kenya, kwa hiyo kila asubuhi alivuka mpaka kwa miguu, akamwosha baba yake, akamgeuza, akarudi kwake kabla jua halijawa kali. Robi alipika, akafua mashuka, akaacha chakula mlangoni. Kwetu mkamwana haingii chumba anacholala baba mkwe, hagusi kitanda chake, wala hamwoni akiwa hana nguo. Hilo halifundishwi darasani. Unalijua kama unavyojua kwamba moto unaunguza.

Halafu ikaja Korona. Tukaambiwa tukae mbalimbali, mita moja. Nilicheka. Mkamwana wa Kikurya na baba mkwe wake walianza kutekeleza hayo siku ya harusi, na mita zao ni nyingi kuliko za daktari.

Kicheko changu hakikudumu. Mpaka ulifungwa, njia za panya zikawa na askari, Boke akabaki Isebania. Heche naye akakwama na lori huko Kenya, akisubiri majibu ya kipimo. Boke akapiga simu: "Wifi, fanya unavyoweza." Maneno hayo ni mepesi sana kuyasema ukiwa ng'ambo.

Mimi nikiwa kwangu Nyansurura nilianza kusikia sauti ya binti yangu ikipungua. Zamani aliniuliza habari za kuku mmojammoja. Sasa hakuuliza hata habari za baba yake. Aliniambia anamsikia mzee akimwita hata wakati mzee amelala. Aliniambia huwa anakwenda kukaa chooni bila haja yoyote, maana ndiko mahali pekee asikoitwa. Nikamuuliza, "Na mzee anaoshwa na nani?"

"Anaoshwa, Mama."

Nilisikia jibu hilo, nikalielewa, kisha nikajifanya sikulielewa. Nikamwambia anywe tangawizi. Mwaka ule tangawizi ilitibu kila kitu.

Basi kulipopambazuka nilipanda pikipiki, nikapanda na gari, na saa tano nikafika Sirari. Uwanja umejaa watu. Verdiana, jirani yao wa kikundi cha maombi, amevaa barakoa kidevuni na anakemea. Jirani mwingine, Waitara, ameshika shoka. Robi alikuwa amejifungia stoo ya mahindi tangu jana jioni, komeo kwa ndani, na haitiki.

"Ni pepo, Mama Robi," alisema Verdiana.

"Pepo gani? Korona hiyo, imempanda kichwani," alisema Waitara. "Nivunje?"

"Ngoja kwanza!"

Dawa ya kuogeshea ng'ombe hukaa humo stoo, chupa nzima, juu ya magunia. Nilikuwa naijua, ni sumu. Nikapiga magoti, nikabandika sikio mlangoni, na kwa mara ya kwanza maishani nikamwambia mtu wa maombi anyamaze, tena mbele ya watu.

Nikasikia kitu. Kinapanda, kinakwama, kinashuka na filimbi mwishoni. Nimelala kando ya sauti hiyo miaka thelathini. Mtoto alikuwa anakoroma kama baba yake.

Nilicheka huku machozi yananitoka. Mpaka leo sijamwambia Nchagwa kwamba kukoroma kwake kuliwahi kunifurahisha.

"Nani anacheka huko nje?" Sauti ilitoka ndani ya nyumba, upande wa chumba cha mzee.

"Ni mimi, mzee. Mama Robi. Shikamoo."

"Marahaba. Yuko hai?"

"Anakoroma."

"Basi asiamshwe mtu huyo." Akakohoa. Watu wakarudi nyuma hatua tatu. "Mama Robi, binti yako ananiosha mwezi wa pili huu. Anaingia amefumba macho, na mimi nafumba yangu. Hatusemi neno. Juzi aliosha mto wa kulalia vizuri sana, mimi nikabaki mkavu."

Verdiana akapandisha barakoa.

"Sasa jana nikakosea," mzee akaendelea. "Nikamwambia, asante mwanangu. Akaangusha beseni akakimbia."

Hapo nikaelewa. Miezi miwili Robi alikuwa anaingia chumba kile kama mtu asiyekuwepo, na mzee anaoshwa kama mtu asiyekuwepo. Kwa namna hiyo aliweza kuvumilia, ingawa hakulala na hakumwambia yeyote. Ile asante ikamfanya awepo.

"Na sijageuzwa tangu jana," mzee akasema, sauti ndogo safari hii.

Nikamgeukia Waitara. "Baba, wewe ni mwanaume. Ingia."

"Mimi? Na kikohozi hicho?" Akakumbuka kuna ng'ombe hajamfunga. Akaenda na shoka lake. Verdiana akakumbuka maharage jikoni. Dakika chache tu uwanja ukabaki wangu na kuku. Hakuna tangazo la serikali lililowahi kutawanya watu upesi hivyo.

Mimi na mzee Nyangwine ni wakwe. Tulikuwa tumesalimiana kwa mbali miaka saba, na kwenye nyumba yake sijawahi kunywa hata maji. Nikachemsha maji. Nikasimama mlangoni kwake na beseni.

"Mzee, naingia. Na mimi sifumbi, nisije nikaosha ukuta."

"Ingia," alisema. "Mimi nitafumba kwa niaba yetu wote."

Nikausukuma mlango, nikamwosha, nikamgeuza, nikambadilishia shuka. Mgongoni alikuwa ameanza kidonda kidogo. Paa halikuanguka. Nilitazama juu mara mbili kuhakikisha.

Kisha nikachukua kigoda nikakaa nje ya stoo. Waitara alirudi kuuliza kama tuvunje. Nilimwambia akiugusa mlango huo nitamkoholea usoni. Hakurudi tena.

Jua lilikuwa linazama nilipomsikia Robi akijigeuza juu ya magunia.

"Mama? Ni wewe?"

"Ni mimi."

"Mzee yuko na nani?"

"Nimeshamwosha. Amekula."

"Uliingia?"

"Niliingia."

"Ukafumba macho?"

"Yote mawili niliyafumbua. Sikuona jipya."

Ikaanza kama kukohoa, nikaogopa. Kumbe ni kicheko, kilekile kilichomtoa kwaya, kimepata kutu tu. Kiliendelea mpaka kikageuka kilio, nami nikamwacha alie. Nilikuwa nimeshamnyamazisha vya kutosha kwa tangawizi.

"Kesho nani atamwosha?" akauliza.

"Mimi. Na keshokutwa mimi. Baba yako atajipikia, au atafunga kula, achague."

Nikasikia komeo linaguswa. "Nifungue, Mama?"

"Una haja ya kutoka?"

Akafikiri. "Hapana."

"Basi acha. Lala."

Nikamsikia akiliachia komeo. Nikasogeza kigoda, nikaegemeza mgongo mlangoni ili asije mtu akausukuma. Haukupita muda, ndani kukaanza kupanda, kukwama, na kushuka na filimbi mwishoni.