Disiki ya Kelele

Miye ni mutu wa hasira, najua vile tangu zamani. Ordinatere yangu, ile kompyuta, ilipoanza kufanya kelele, kra-kra-kra, niliitukana kama vile iko na masikio. Nilikuwa napanga chumba kimoja Walikale, peke yangu. Muke wangu alibakia Masisi ku shamba yetu ya maharagi. Vita ikafunga barabara, na tangu pale hakuna mutu aliyeniletea habari yake.

Nikaipeleka kwa fundi, akaifungua, akasikiliza. "Papa, disiki iko inakufa. Vyote uliweka ndani vitaenda nayo."

Woga ikanishika. Ndani ya ile disiki mulikuwa sauti ya muke wangu. Juma ile nilinunua masini, mbele ya miye kusafiri kuja Walikale, alisemea mu mikro yake. Miye nilikuwa na kazi, sikusikiliza. Nilikuja kuisikiliza Walikale, wakati alishapotea, na kelele ilishaanza, nikawa nashika maneno nusu nusu tu.

Garanti ilibakia na juma mbili. Mucuruzi aliyeniuzisha, Papa mumoja wa Butembo, alikuwa na duka Masisi na ingine pale pale Walikale. Akatoa disiki mupya bila kubishana. "Lakini ya zamani inarudia kwangu, kaka. Garanti njo hivyo."

"Kama sauti haikopiwe, ubakie na mupya yako," nikamujibu vibaya.

Hakukasirika. Akanisogezea kiti. "Ikala, tukopiye."

Tuliikala tangu asubuhi mpaka saa ya kula ikapita. Disiki inasimama, inaendelea, inasimama tena. Sauti ya muke wangu njo ilipita ya mwisho kuingia mu disiki mupya. Nilimushika mukono, nikamuachia disiki ya zamani.

Ku nyumba nikafungua. Masini ilikuwa kimya kabisa. Muke wangu alikuwa anasema vile tunasemaka ku foni, ile radio ya parokia, fasi unamaliza maneno yako, unasema "À vous", ni kusema zamu yako, halafu unamungojea mwenzako. Alikuwa anajaribu namna tutasemezana nikishaenda.

"Papa, umefika Walikale muzima? Huku maharagi imetoa maua. À vous."

Akangojea. Na pale, fasi kelele ilikuwa inafunika siku zote, nikasikia mwanaume akimujibu toka chumba ingine: "Acha masini yangu, utaiharibisha."

Ni miye. Muke wangu akafunga mikro, sauti ikaishia pale.

Sasa, kila nikifungua ile sauti, akisema "À vous", ninajibu mbio: niko muzima, mama, nilifika muzima. Lakini yule mwanaume ananitangulia kila mara.