Tarehe Kumi, Mwezi wa Tatu

Mimi ni mtu wa kushuku. Marehemu mama alikuwa akisema nilianza kushuku nikiwa bado nanyonya, na mpaka leo sijui kama alinitania. Nadhani ndiyo maana walinipa masijala ya kiwanda cha mvinyo. Mtunza mafaili anayeamini kila anachoambiwa hadumu. Nimewahi kuletewa vyeti vya kuzaliwa ambavyo wino wake haujakauka.

Kiwanda chetu kilikuwa cha umma, nje kidogo ya mji wa Dodoma, na enzi zile za ruksa, biashara huria ilipofunguliwa, kikapata mnunuzi binafsi. Hakukaa mwezi, likatoka tangazo la kupunguza wafanyakazi. Wengi wetu tuliajiriwa mwaka mmoja, ule ambao kiwanda kilipanuliwa, kwa hiyo mstari ulikatwa katikati ya mwaka huo: aliyeingia kabla ya mwisho wa Juni atabaki, aliyeingia baada ya hapo aende nyumbani.

Kwa mara ya kwanza orodha haikutoka masijala. Mnunuzi alileta kompyuta, na dada mmoja kutoka Dar es Salaam wa kuiendesha, na programu ya kutunza habari za wafanyakazi iliyonunuliwa ng'ambo. Nilitakiwa kumwandikia dada yule majina na tarehe za kuajiriwa kwa mkono, naye ayaingize. Sikumpenda. Alikuwa akifunga mlango, eti vumbi la Dodoma linaua mashine. Mimi nilijiuliza ni vumbi gani hilo linalokuja na bahasha mkononi.

Orodha ilipobandikwa ukutani, jina langu lilikuwa kwa wanaobaki. Kwa mara ya kwanza maishani sikuuliza kwa nini.

Asubuhi ile ile akaingia mama mpima zabibu. Huyu alikuwa Mgogo wa Makutupora, mjane, aliyesimama kwenye mizani tangu mimi sijajua njia ya kantini. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia haraka haraka kama anayefukuza nzi.

"Mwanangu, wamenikata. Wameandika nimeanza Oktoba."

"Sasa mama, wewe unasema ulianza lini?"

"Mwezi wa tatu! Zabibu zimeiva, wanatafuta wa kupima. Oktoba kuna zabibu gani hapa? Ningepima majani?"

Alikuwa na wajukuu watatu nyumbani na hakuna mwingine wa kuwalisha. Alilisema hilo bila kulia, na nikamshuku hata kwa kutokulia. Nilitoa faili lake, nikaipeleka barua ya ajira dirishani na kuitazama dhidi ya mwanga, maana wembe ukikwangua karatasi huacha alama. Hapakuwa na alama. Barua ilisema 10/3, wino wa zamani, safi kabisa.

Basi ni yule dada, nikajiambia. Amekula kitu. Nilimwendea na faili kwapani, sikubisha hodi.

"Andika tarehe ya huyu mama mbele yangu," nikamwambia.

"Kwani kuna nini, kaka?"

"Wewe andika tu."

Akaandika 10/3, kama ilivyo. Alipobonyeza, kwenye kioo kukatokea Oktoba 3. Tukatazamana. Nikamwambia aandike sabasaba; ikatoka Julai 7, sawasawa, kwa sababu saba na saba hata ukizigeuza ni zile zile. Nikamwambia aandike nanenane, Agosti 8. Nikamwambia aandike ishirini na tano, mwezi wa kumi. Mashine ikapiga kelele na kukataa.

"Zote za namna hiyo ilizikataa," dada akasema taratibu. "Nikawa nazigeuza mwenyewe. Nilidhani masijala yenu mnaandika ovyo."

Kumbe naye alikuwa akinishuku mimi! Mashine ilitengenezwa kwa watu wanaotanguliza mwezi, siku inafuata. Sisi hapa hata sikukuu zetu tunaziita kwa namba, na hatujawahi kufikiri kwamba kuna mtu duniani atazisoma kinyume. Hakuna aliyekula kitu. Kusema kweli nilisikitika kidogo.

Dada aliogopa. Aliniomba tusimwambie mnunuzi mpaka orodha mpya iwe tayari. "Nisomee mafaili yote upya," akasema, "uyataje na mwezi kwa jina. Nitaandika unavyosema."

Nikayabeba kwa mafungu. Tulianza na mama mpima zabibu: "Kumi, Machi." Akahamia kwa wanaobaki, na moyo wangu ukafurahi kweli kweli. Tukaendelea. Wengine walipanda, wengine walishuka. Niliwasoma kwa sauti moja, kama hakimu.

Nikafika kwenye faili la fundi bomba. Huyu tuliajiriwa siku moja, tukapanda lori moja kutoka stesheni na mabegi yetu ya turubai, na kwa miaka yote hiyo tumekula sahani moja. Barua yake ilisema 3/8. Mashine ilikuwa imemsoma Machi 8, ikambakiza. Hapo ndipo nilipoelewa kwa nini na mimi nilibaki.

"Tatu, Agosti," nikasoma. Dada akaandika. Fundi bomba akashuka.

Mafaili mawili baadaye likaja la kwangu. Nililifungua. Dada alikuwa ameinama, vidole juu ya mashine, hanitazami. Angeweza kulichukua asome mwenyewe, lakini hakulichukua, kwa sababu mtu aliyekuja na faili kwapani kumtetea mjane hawezi kushukiwa.

"Nane, Machi," nikasema.

Akaandika.

Niliona aibu, na niliogopa, na sikurekebisha. Nilikuwa na karo ya shule mbili kichwani, lakini nisijitetee, hata fundi bomba alikuwa nazo. Orodha mpya ilibandikwa. Mama mpima zabibu alikuja na kuku, akaniita mtoto wa haki mbele ya watu. Kuku yule walimla nyumbani; mimi nilisema tumbo linaniuma.

Kesho yake fundi bomba aliingia masijala, kofia mkononi.

"Ndugu yangu, si tulisaini pamoja?"

"Tulisaini pamoja."

"Sasa mbona mimi wanasema Agosti, wewe Machi?"

Nilikuwa nimekwisha kuandaa jibu tangu alfajiri. "Kompyuta hizi," nikamwambia. "Zinachanganya tarehe. Umesikia ya yule mama."

Akatikisa kichwa, akasema kweli, mashine ni mashine. Akaniomba nimsalimie shemeji, akavaa kofia yake, akatoka. Hakuomba hata kuliona faili langu.