Maski yangu kwa bariyeri

Leo nimesimama mbele ya askari nikiwa nimevaa sura yangu mwenyewe.

Nilikuwa natoka Kampala, kwenye ninasomea kupima mionzi ya kutibu kansere. Bunagana, kwa mupaka, tulipita salama. Kwa bariyeri ya kuingia Goma, askari akachukua karte yangu ya uchaguzi.

Picha imefutika. Munajua zile karte zetu.

"Huyu ni nani?"

"Ni mimi, papa."

Akafungua sakoshi yangu, akatoa maski ya plastiki yenye matundu, pua ni yangu kabisa. Darasani kila mutu alitengenezewa yake. Mugonjwa tunamuvalisha, tunaifunga kwa kitanda, ili kichwa kisitikisike chini ya mionzi.

Nikaeleza yote hayo. Bunduki ilikuwa imenielekea.

"Vaa."

Nikavaa. Inabana kidevu, macho hayafunguki. Nikasikia kidole chake kinapita juu ya pua, polepole.

"Ni weye. Pita."

Munacheka, najua.

Lakini kule Kampala bagonjwa huniuliza kama mule ndani ya maski mutu anaogopa. Siku zote najibu, "Hapana, mama, tulia tu."

Sasa wa kwanza atakayeniuliza tena, nimujibu nini?